Bila Nauli: Shajara ya Mradi wa Babu

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Leo nimelifungua sanduku. Ni la bati, rangi yake ya kijani imebabuka, na lilikaa chini ya kitanda cha marehemu Halati miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Nyumba imeuzwa, vyombo vinagawanywa, na sanduku nimepewa mimi kwa sababu, kwa maneno ya Ami, nduguye Mama, "wewe ndiwe upendaye makaratasi." Kazi yangu ni karani wa kutoa mizigo hapa bandarini Mombasa. Jamaa zangu wanadhani karatasi yoyote duniani naweza kuisoma.

Ndani nimekuta nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake umechuja. Picha ya wanaume wanne kwenye ngazi ya meli, nyuso zao zimeliwa na unyevu. Kurasa mbili za kitabu cha baharia zilizogandana. Na kikombe cha bati kisicho na mkono, kidogo hata chai ya mtoto hakitoshi.

Babu mzaa mama alifariki 1979, kabla sijazaliwa. Alikuwa Mbajuni wa Kisimayu, mamake mtu wa Faza. Kijanani alifanya kazi kwenye meli za Waingereza, kazi ya kutia makaa, ndiyo wazee wetu waliiita ufayamani. Wakati wa vita vya Hitla alitekwa. Kuhusu jambo hilo ametuachia sentensi moja tu, aliyokuwa akiisema huku akicheka: "Wajarumani walinikamata, wakanirudisha kwetu bila nauli." Nyumbani kwetu imekuwa msemo. Mtu akipata lifti ya gari, hiyo ni bila nauli. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza ina maana gani.

Mradi basi: kufikia vunjajungu la mwakani, ukoo ukikutana, nataka sanduku hili liwe na kitu cha kuelezea vilivyomo. Ukurasa mmoja wa maelezo, ramani, sauti za wazee, na mfano wa meli wa mbao kama nitapata fundi. Fedha nimetenga shilingi 20,000, na mume wangu ameshaniuliza mara mbili za nini.

Jumapili, 3 Novemba 2024

Kurekodi. Siku nzima nimepata dakika 41, kati ya hizo kama 15 ni jogoo wa jirani.

Mama Mkubwa na dada yake wamekaa baraza moja na hawakubaliani hata juu ya rangi ya macho ya baba yao. Nikiweka simu mezani Mama Mkubwa ananyamaza, anajitengeza buibui kama anayepigwa picha. Nikiiweka chini ya leso anasema vizuri. Najua si adabu. Mwishoni nilimwambia, akanicheka: "Nilijua, mwanangu. Lakini nisipoiona hainitishi."

Yaliyopatikana, nayaandika kama nilivyoyasikia:

Babu hakula chumvi. Munyu, kwa lugha yao. Bibi alipika vyungu viwili maisha yake yote, kimoja cha baridi cha mumewe. Mimi siku zote nilidhani alikuwa na presha. Mama Mkubwa anasema hakuwa na presha wala nini; hakutaka hata kuiona. Mara moja alipelekwa kazi ya kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni, akashuka garini, akatazama zile chungu nyeupe, akapanda gari lile lile kurudi.

Maji ya kunywa aliyapima kwa kile kikombe. Hata mtungi ukiwa umejaa. Anateka kikombe kimoja, anakaa, anakunywa kidogo kidogo, ndipo anateka cha pili.

Na "sannu". Hiyo sikuhitaji kusimuliwa, kwa kuwa mpaka leo ndiyo salamu ya kwetu. Binamu zangu wakinipigia simu wanaanza, "Sannu!" nami najibu "Sannu!" Nimekua nikidhani ni Kitikuu, lugha ya Wabajuni. Leo nimemuuliza Mama Mkubwa ina maana gani kwa Kitikuu, akanishangaa: "Kitikuu? Hilo ni neno la babu yako la meli, sisi hatulijui lilikotoka."

Jumapili, 17 Novemba 2024

Wiki mbili nimezipoteza, na kosa ni langu. Nilianza na neno "Wajarumani" nikakimbilia Ujerumani.

Kambi ya mabaharia wa meli za biashara ilikuwapo kweli, Milag Nord, katika kijiji cha Westertimke karibu na Bremen. Maelfu ya mabaharia walifungwa huko, wakiwemo Wahindi na watu wa pwani nyingine za Bahari ya Hindi, mpaka majeshi ya Uingereza yalipofika Aprili 1945. Nikamchorea Babu theluji. Nikaandika hata aya mbili nzuri za baridi na mkate mweusi. Nilizipenda.

Halafu Ami, ambaye hakunywa chai yake mpaka nimalize kusoma, akauliza: "Na arusi ya baba na mama ilikuwa lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwaka wa kutoka Mtaliana Kisimayu. Kila mtu anajua." Kitambulisho cha Mama Mkubwa kinasema 1942. Vitambulisho vya wazee wetu si vya kuapia, wote eti walizaliwa tarehe mosi Januari, lakini hesabu ya arusi ni ya watu, haiendi kombo. Mtaliana alitoka Kisimayu Februari 1941. Mtu aliyefungwa Ujerumani mpaka 1945 hakuoa Faza 1941.

Aya mbili za theluji nimezifuta. Nimejifunza kumuuliza Ami kwanza.

Zile kurasa zilizogandana zimeachana leo, baada ya siku tatu kati ya karatasi za kunyonya maji. Karibu zote ni wino ulioyeyuka. Kwenye kona moja kuna nusu ya muhuri: "–RDIFF".

Jumapili, 24 Novemba 2024

Nimempata. Au niseme, nimeipata meli.

Nilianza upya kwa kuuliza swali la kikarani: chombo gani cha Wajerumani kilikuwa Bahari ya Hindi 1940, na wafungwa wake kiliwashusha wapi? Jibu halikuchukua hata usiku mmoja.

Chombo ni Atlantis. Ilikuwa meli ya mizigo ya kawaida, jina lake Goldenfels, ikageuzwa kuwa manowari ya kuvizia. Mizinga sita ya sentimita 15 ilifichwa nyuma ya mbao na maturubai. Nahodha wake, Bernhard Rogge, aliibadilisha sura kama mtu anayebadili kanzu: leo Mjapani, kesho Mnorwei, keshokutwa Mholanzi. Meli ya biashara ikimkaribia inaona mwenzake wa biashara. Bendera inashuka, ya Kijerumani inapanda, mizinga inatoka. Kwa njia hiyo ilizamisha au kuteka meli 22 kabla ya kuzamishwa yenyewe na manowari ya Uingereza HMS Devonshire, Novemba 1941.

Waliotekwa walikusanywa ndani ya Atlantis, wakajaa. Wafungwa wa kwanza walipelekwa Ulaya kwa meli ya Kinorwei iliyotekwa, Tirranna. Septemba 1940, ikiwa imebaki kidogo kufika Ufaransa, nyambizi ya Uingereza iliipiga bila kujua waliomo, na watu 87 walikufa, wengi wao wafungwa. Babu hakuwa humo, la sivyo mimi nisingekuwa naandika haya.

Waliokuja baadaye ndio wanaonihusu. Agosti na Septemba 1940 Atlantis ilizamisha King City, Athelking, Benarty, na Commissaire Ramel. Wafungwa wakafurika tena. Ndipo tarehe 22 Oktoba, kusini ya visiwa vya Indonesia, ikakamata meli kuukuu ya Yugoslavia iitwayo Durmitor. Wafungwa 260 hivi wakahamishiwa humo, pamoja na Wajerumani wachache wa kuwalinda, ikaamriwa ivuke bahari yote kwenda Somalia ya Mtaliana.

Na sasa shehena. Mimi nasoma orodha za shehena kutwa, jicho langu hukimbilia huko kabla ya jina la meli. Durmitor ilitoka Hispania kwenda Japani. Ilibeba chumvi.

Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama tu. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia chumvi. Akasema ipo kabatini.

Watu walilala juu yake. Ngama zilikuwa zimejaa chumvi, na juu ya chumvi ndipo mahali pa watu 260, karibu mwezi mzima, chini ya jua la ikweta. Maji yalikuwa ya kupimiwa. Makaa yalikuwa machache kiasi kwamba walichoma mbao za meli yenyewe, wakashona matanga kwa maturubai ili upepo usaidie. Nafikiria mtia makaa akiiangalia meli inayochoma milango yake. Nafikiria yule mtu wa Kisimayu aliyekulia kwenye madau, aliyejua huo ni msimu gani na upepo uko upande gani, akitazama Wazungu wakihangaika na tanga.

Kikombe nimekiweka dirishani. Sijakijaza maji, ingawa nilitaka kujua kinachukua kiasi gani. Haidhuru. Nitakipima siku nyingine.

Jumamosi, 14 Desemba 2024

Lamu, siku mbili, basi la usiku, mgongo hauna shukrani.

Fundi niliyeelekezwa anachonga mifano ya majahazi ya kuuzia watalii, mkono wake mwepesi ajabu. Nikamwonyesha picha ya meli ya moshi ya enzi hizo: bomba moja refu, milingoti miwili, ubavu ulionyooka. Akaiangalia, akaigeuza, akanirudishia. "Bibi, hiki si chombo. Hili debe."

Tulibishana bei na umbo kwa saa nzima. Hoja yake ni kwamba jahazi lina tumbo na mtu anaweza kulipenda, meli ya chuma haina. Mwishowe nilimweleza kisa. Akauliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Babu yako alilala sehemu gani?" Sikuweza kumwambia ngama ipi. Akasema basi ataacha kifuniko cha ngama ya mbele kifunguke, "ili watoto watie kidole." Shilingi 9,500, mvule, urefu wa sentimita 60. Nusu nimelipa.

Jumapili, 5 Januari 2025

Leo ni ya kuandika polepole.

Durmitor ilifika pwani ya Benadir Novemba 1940, karibu na Warsheikh, kaskazini ya Mogadishu. Baadaye ikapelekwa Kisimayu. Wafungwa wengi waliwekwa Merca, mji wa zamani kama kilomita 90 kusini ya Mogadishu, chini ya walinzi wa Kitaliana.

Kwa hiyo msemo wetu ni taarifa ya kweli, neno kwa neno. Wajerumani walimkamata mtu wa Kisimayu katikati ya bahari, wakamvusha maelfu ya maili, wakamshusha kwenye pwani yake. Bila nauli.

Ila kicheko chake sasa sikielewi tena. Kisimayu na Jubaland yote ilikuwa sehemu ya koloni la Kenya hadi 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia, kama zawadi ya kuunga mkono vita vya kwanza. Babu alizaliwa chini ya bendera moja, akabalehe chini ya nyingine, bila kutoka mtaani kwao. Italia ilipoingia vitani Juni 1940, yeye alikuwa kwenye meli ya Mwingereza. Mbele ya Mtaliana wa Merca, Mhindi au Mwingereza alikuwa mfungwa. Je, kijana wa Kisimayu anayehudumia meli ya adui ni nani?

Hapa ndipo dada wawili wanapotengana, na nimewarekodi wote (kwa ruhusa, simu mezani).

Mdogo anasema: Babu aliona dau la Wabajuni likipita karibu na meli, akamtambua mjomba wake kwa namna alivyokaa kwenye usukani, akaita kwa sauti. Mjomba akapeleka habari nyumbani kwamba yu hai. Ndivyo Bibi alivyoendelea kumngoja.

Mama Mkubwa anasema: aliliona dau. Alimtambua mjomba. Akanyamaza. "Baba alijifanya bubu kwa Kiswahili miezi mitatu. Wakimsemesha watu wa pale kwa Kibarawa au Kiswahili, anawatazama kama ng'ombe. Alimwambia mama, si mimi: angejulikana wa wapi, wangemfunga kamba si ya mfungwa, ya mhaini."

Nimewauliza wazee wengine watatu. Kila mmoja anataka lile dau liitwe. Nami pia nataka. Lakini namwamini Mama Mkubwa, kwa sababu hadithi ya mdogo wake ina kila kitu ambacho mtu angependa kukisikia, na ya Mama Mkubwa haimpi mtu chochote. Zaidi ya hayo kuna jambo ambalo wote wawili walilitaja bila kulihusisha na hili: Babu akikutana na mtu asiyemjua, hata sokoni Faza, husubiri. Hasemi mpaka asemeshwe mara mbili. Watu walimwona ana kiburi.

Kwenye ukurasa wa maelezo nitaandika yote mawili. Ya Mama Mkubwa itatangulia.

Jamaa yetu aliyezaliwa Kisimayu, aliyekimbia 1991 kama Wabajuni wengi akaja Mombasa, amenichorea ramani ya bandari kwa kalamu ya wino nyuma ya risiti. Nitaitumia hiyo hiyo, risiti na yote.

Jumapili, 19 Januari 2025

Sannu!

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya benki. Mbele yangu kijana mmoja wa Kinigeria, mfanyabiashara wa nguo, simu yake ikalia, akapokea: "Sannu, sannu..." Nilimgusa bega kabla sijafikiri. Masikini alidhani amedondosha kitu. Nikamuuliza hilo neno ni la wapi. Ni Kihausa, akasema, ni salamu, na pia pole. Akaniuliza nimelisikia wapi, nikamwambia kwa babu yangu wa Kisimayu, akacheka kwa adabu, kama unavyomchekea mtu mzima aliyechanganyikiwa.

Huko nyuma nilikuwa nimeandika kwenye rasimu kwamba Babu alikombolewa na askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza), Waafrika wa Mashariki, na kwamba hatimaye alisikia Kiswahili. Nilidhani ndivyo ilivyopaswa kuwa. KAR walikuwapo kweli kwenye kampeni ile: brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilizunguka porini hadi Jelib, ng'ambo ya mto Juba. Kisimayu iliangukia mikononi mwa jeshi la Jenerali Cunningham wa Uingereza tarehe 14 Februari 1941. Lakini walioshika barabara ya pwani kupanda Mogadishu, mji ulioingiwa tarehe 25 Februari, ni brigedi ya 23, ya Nigeria. Merca iko kwenye njia hiyo hiyo, na ndiyo siku hizo hizo wafungwa walipotoka. Wengi wa askari wale lugha yao ya jeshini ilikuwa Kihausa.

Sasa namwona. Miezi mitatu amefunga mdomo. Mlango unafunguliwa, anasimama mtu mweusi mwenye bunduki, hajui Kiswahili wala Kibarawa wala Kitaliana. Ni mtu wa kwanza ambaye Babu hana sababu ya kumficha lugha, na hawana lugha. Mtu yule anasema sannu. Babu anasema sannu.

Mama Mkubwa nilimpigia simu usiku huo huo. Kimya kirefu. Kisha: "Basi sisi miaka yote hii tunasalimiana Kinigeria?" Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi akanipigia yeye, sauti nyingine, akataka nimwambie tena, na nitaje jina la nchi polepole.

Rasimu imeandikwa upya. Nikipita kwenye zile sanamu za askari katikati ya mji, zilizowekwa kwa ajili ya vita vya kwanza, sasa namtafuta mtu wa meli. Hayumo. Yumo askari na yumo mbeba mizigo.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Ugomvi wa kifamilia, mfupi.

Ami amesoma rasimu akasema nimemwonea Rogge. Naye pia amekuwa akisoma, kumbe. Anasema nahodha yule anasifiwa na maadui zake: aliwapa wafungwa chakula kama cha mabaharia wake, aliwaacha wapunge hewa sitahani, aliokoa watu majini. Yote kweli, na nimeyaongeza. Lakini ni yeye aliyewapakia Durmitor.

Mama Mkubwa alikuwa anapepeta mchele, hakuinua kichwa. "Muungwana gani huwalaza watu juu ya munyu?"

Ami akanyamaza. Sentensi zote mbili zimo kwenye ukurasa, ya Ami na ya dada yake.

Jina la meli aliyokuwamo Babu kabla ya kutekwa nimeliandika "huenda King City." Ilikuwa meli ya Cardiff, bandari ya Wales, ilibeba makaa, ilizamishwa 24 Agosti 1940, na mimi nina nusu ya muhuri yenye "–RDIFF". Mama Mkubwa anasema babake alisema "meli ya makaa". Siku hizo meli nyingi zilikuwa za makaa kwa namna moja au nyingine, na Cardiff ilijaa mabaharia Wasomali na Wayemeni waliohama meli hadi meli. Kwa mzigo wangu wa bandarini nisingesaini kwa ushahidi huu. "Huenda" inabaki. Ile nyota nayo haisaidii: medali hizo Waingereza walizitoa bila jina.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Meli imefika kutoka Lamu kwa basi, imefungwa kwa gazeti na kanga ya mke wa fundi, ambayo natakiwa kuirudisha. Ni nzuri kuliko nilivyostahili. Akasema debe, lakini debe amelipa tumbo kidogo, hakuweza kujizuia. Kifuniko cha ngama ya mbele kinafunguka kwa kucha.

Nikafanya ujinga. Nikanunua chumvi ya mawe robo kilo nikaijaza ngamani. Nilidhani ni wazo zuri. Huu ni Mombasa, mwezi wa Februari. Siku ya tatu chumvi imevuta unyevu wote wa chumba, maji yanachuruzika kwenye maungio, gundi imelegea upande mmoja, na mvule umepata doa jeusi kama ramani. Nimekausha, nimegundisha, nimefunga kwa mpira usiku kucha. Doa halitoki. Chumvi nimeirudisha kidogo tu, vijiko viwili, ndani ya mfuko wa nailoni, nikaufunika juu yake kitambaa.

Bajeti imekwisha na imepita. Mume wangu hajauliza mara ya tatu.

Jumapili, 23 Februari 2025

Vunjajungu. Watu 34, sinia sita, watoto hawahesabiki.

Nilikuwa nimepanga: kwanza ramani, halafu sauti, halafu meli. Umeme ukakatika kabla ya sauti. Tukala kwanza. Uliporudi nikacheza zile dakika nilizozichagua, na kila aliposikika jogoo wa jirani watoto waliwika. Sikujali. Sauti ya Mama Mkubwa ilipofika kwenye dau hakuna aliyewika. Mdogo wake alikuwa amekaa karibu naye, na nilikuwa naogopa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa wote, "Mimi nasema aliita." Mama Mkubwa akamwambia, "Haya, aliita," akampa bilauri ya sharubati.

Kisha meli ikazungushwa. Watoto wakatia kidole, kama fundi alivyosema. Mmoja akautoa mfuko wa nailoni, akauliza ni sukari? Nikaanza kueleza. Mama Mkubwa akanyosha mkono, akauchukua mfuko, akauangalia kwa mwanga wa dirisha.

"Umemtilia tena," akasema.

Sikuwa na la kujibu. Akainuka, magoti yake mabaya, akakataa kushikwa mkono, akaenda bombani uani. Akaufungua mfuko, akamwaga, akafungulia maji mpaka alipokilamba kidole chake asionje kitu. Kisha akataka meli. Akaisafisha ngama kwa ncha ya leso, mara tatu, na lile doa pia akalisugua, lisitoke. Akaniuliza kikombe kiko wapi. Nilikuwa nimekipanga mezani juu ya kitambaa, na kikaratasi mbele yake. Akakijaza bombani hadi ukingoni, akanywa chote kwa mkupuo mmoja, akakijaza tena, akampa dada yake.

Kikombe kinachukua mililita 150. Nimepima usiku, watu walipokwisha kuondoka.

Yaliyobaki: kanga ya mke wa fundi. Rekodi ya 14 bado sijaiandika, ile ambayo Ami anaimba. Na binamu wa Kisimayu anataka nakala ya ramani, si ile safi, ile ya nyuma ya risiti.